Daftari la kelele



Tangu mwezi wa nne, wamama watatu wa umoja wetu wameniuliza swali moja, kila mmoja kwa njia yake: “Mama, yule binti wa yaya wako ni mgonjwa?” Wanamwona asubuhi anaingia chumbani na kufunga mlango. Anatoka saa ya kula, halafu anarudi ndani. Hauzi kitu, haendi shamba, haendi ofisi. Mmoja alifika mpaka kuniletea majani ya kuchemsha ili binti anywe, na namshukuru kwa moyo wake mzuri. Leo nawajibu wote pamoja. Binti yetu si mgonjwa. Yuko kazini. Na mtu aliyechelewa kuelewa hilo kuliko wote ni mimi mwenyewe, mama mdogo wake, ninayeishi naye chini ya bati moja.

Alizaliwa Goma na kukulia Goma. Kazi yake ni ya masikio. Ofisi moja ya Brussels, kule Ubelgiji, inamtumia kwa intaneti mahojiano yaliyorekodiwa kwa Kiswahili. Anasikiliza, anaandika kila neno, kisha anageuza yote kwa Kifaransa. Analipwa kwa dakika za sauti alizomaliza. Saa moja ya mazungumzo inamchukua saa nne, tano, hata sita za kuandika, na hapo ni pakiwa kimya.

Mwisho wa Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa M23, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Kazi yake haikupotea, maana haikai Goma wala Brussels, inakaa ndani ya kompyuta. Lakini mshahara haukuwa tena na mlango wa kupitia. Mama yake akamwambia: “Nenda kwa mama mdogo wako Kisangani. Sisi tutabaki na nyumba.” Akazunguka kwa barabara kupitia Rwanda na Uganda, akaingia Kasindi, akafika Beni, na kutoka pale akapata ndege mpaka Bangoka. Alishuka na begi moja la nguo, na kompyuta ameifunga kifuani kwa kikwembe kama mtoto mchanga.

Kumbukeni hilo, maana ndilo linalobeba maneno yangu ya leo. Ile kompyuta ndiyo inayolipa karo ya wadogo zake wawili waliobaki Goma. Na dawa za presha za koko, mama yangu mzazi, tangu mwezi wa sita ni yeye anayenunua.

Usiku mmoja, tumekaa nje tunakula lituma na samaki, nikamuuliza: “Binti yangu, mji wetu umeuonaje?” Akacheka, akasema atanijibu ila nisikasirike.

Kwanza ni joto. Goma iko juu, karibu mita 1,500, na usiku mtu anatafuta swita. Kisangani iko chini, mita kama 400, na mstari wa ikweta uko karibu sana nasi upande wa kusini. Akasema hapa hata usiku wa manane unatoka jasho. Juma la kwanza kompyuta yake ilikuwa inapumua kwa nguvu kama mtu mwenye pumu, mpaka akaiweka juu ya matofali mawili ili hewa ipite chini yake.

Pili ni barabara. Kwao mzigo unabebwa na tshukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na kiti. Hapa amekuta toleka. Siku ya kwanza alikataa kupanda. Aliona baiskeli imebeba mama, mtoto, na beseni la samaki, moto zinapita kushoto na kulia, kila mmoja anapiga honi na hakuna anayesimama. Sasa anapanda kama sisi, tena kwa kukaa upande mmoja.

Tatu ni mto. Ziwa Kivu analijua, lakini maji mengi namna hii yanayokwenda mahali hakuwahi kuyaona. Alisimama ukingoni kutazama mitumbwi ya Lubunga ikivuka, akasema: “Mama mdogo, hili ni ziwa linalotembea.” Nikamweleza kwamba meli zinazopanda kutoka Kinshasa zinaishia hapa, kwa sababu juu yetu kuna maporomoko saba mpaka Ubundu, na hakuna meli inayoyapita. Ndiyo maana kuna reli ya Ubundu, na ndiyo maana bandari yetu haipumziki. Akafikiri kidogo, akasema: “Basi mji wenu ni mahali mizigo inabadilisha bega. Lazima uwe na kelele.”

Nne ni lugha. Alidhani atasikia Kiswahili tu. Siku ya kwanza sokoni akauliza bei ya ndizi kwa Kiswahili cha Goma, muuzaji akamjibu kwa Kilingala, na mteja wa pembeni akamalizia kwa Kifaransa. Lugha hizi zimekutana hapa zamani. Kiswahili kililetwa na wafanyabiashara kutoka mashariki. Tippu Tip mwenyewe alifanywa gavana wa Stanley Falls, yaani hapa kwetu, mwaka wa 1887. Kilingala kilipanda na mto kutoka upande wa magharibi. Sasa binti anasema kukaa kwetu kumemsaidia kazini: akikuta neno la Kilingala katikati ya mahojiano, hahitaji tena kuuliza mtu, anatoka nje na kumuuliza koko.

Tano, na hapo uso wake ulibadilika, ni sauti. Mtu anayelipwa kwa kusikiliza, sauti ya nje inamwibia mfukoni. Mvua yetu ikianguka juu ya bati, hata ukiweka vidude vya masikioni husikii kitu. Umeme ukikatika, jenereta za jirani zinaamka zote mara moja. Kuna nganda ya kona, kuna mikesha ya maombi, kuna matanga ambapo spika zinapigwa siku tatu. Akasema kwamba amechelewesha kazi mara tatu, na mkuu wake wa Brussels amemwandikia: kama atachelewa tena, watatafuta mtu mwingine.

Wamama, mnanijua. Nilisimama palepale. Nikamwambia: “Chukua daftari. Juma zima, kila kitu kitakachokusimamisha kazi, andika saa na andika sababu. Jumamosi nitakwenda na mama prezidanti kuzungumza na mwenye nganda, na mchungaji, na yeyote mwingine.” Nilikuwa tayari kwa vita.

Jumamosi akaniletea daftari. Hakutaka kunipa. Alilishika mkononi kama mtoto aliyepata alama mbaya shuleni. Nikalichukua, nikakaa nalo chini ya mwembe, nikahesabu.

Alisimamishwa mara 41. Umeme mara sita. Mvua mara tatu. Matanga mara mbili. Nganda mara moja. Kanisa mara moja. Hizo ni 13.

Zile 28 zilizobaki zilitoka ndani ya lupango letu.

“Jumatatu, saa nne na dakika kumi. Mama mdogo, kabla ya kwenda sokoni: niangalie sufuria ya sombe.” “Jumatatu, saa tano. Koko anaomba maji ya kunywa.” “Jumanne, saa tatu na nusu. Mwenye makala amefika mlangoni, nimetumwa kuchagua gunia.” “Jumatano, saa sita. Mtoto amelia, nimeambiwa nimbebe mpaka mama yake arudi bombani.” “Alhamisi, saa nane. Jirani anataka nimwandikie barua ya shule.” “Ijumaa, saa nne. Mama mdogo amepiga simu kutoka sokoni: toa nguo nje, mvua inakuja.” Jina langu niliona mara kumi na moja.

Nikamuuliza, na nilikuwa bado najitetea: “Lakini, binti yangu, kuangalia sufuria si dakika mbili tu?” Akanijibu polepole, kwa heshima: “Ndiyo, mama mdogo. Ni dakika mbili za sufuria. Halafu narudi, sikumbuki mtu alikuwa anasema nini. Narudisha sauti nyuma, nasikiliza tena, natafuta neno nililoliacha. Dakika mbili za sufuria ni dakika ishirini za kazi.”

Kuna jambo la pili ambalo daftari lilinionyesha, ingawa halikuandikwa. Katika nyumba hiyohiyo kuna kijana wangu wa miaka kumi na tisa. Juma lile alikuwa nyumbani, kwenye kiti cha barazani, na simu mkononi. Anaangalia mpira. Mwenye makala alipita mbele yake. Maji ya koko yalikuwa hatua nne kutoka pale alipokaa. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwita. Binti alikuwa nyuma ya mlango uliofungwa, na sisi tukaupita mguu wa kijana ili tukapige ule mlango.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilifikiri meza yangu ya samaki sokoni. Miaka ishirini nauza pale. Hakuna siku mtu alitoka nyumbani mpaka sokoni kuniambia niache meza nikaangalie sufuria. Nikivaa kikwembe changu na kubeba beseni, watu wote wanajua mama amekwenda kazini, hata watoto wadogo. Mguu wangu ukivuka mlango, kazi imeanza. Binti yetu mguu wake hauvuki mlango, basi macho yetu yanasema hafanyi kitu. Tulimwona mwanamke amekaa nyumbani, tukamhesabu kama mikono iliyo huru.

Jumapili baada ya misa nikaita kikao cha nyumba. Koko alianza kwa kukataa. “Mtu aliyekaa kitini amechokeshwa na nini? Sisi tulilima na mtoto mgongoni.” Sikumjibu. Nilimwomba binti alete vidude vya masikioni, tukamvalisha koko, tukamwekea mahojiano ya dakika moja: mzee anazungumza haraka, mbuzi analia nyuma yake, upepo unapiga. Tukamwambia: “Koko, sasa tuambie kila neno alilosema.” Alisikiliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akavivua, akasema: “Huyu mtu anazungumza kama anatafuna kwanga.” Tukacheka wote. Halafu akanyamaza, akamwangalia mjukuu wake, akasema: “Na unafanya hivyo siku nzima?” Kikao kiliisha pale. Yaliyobaki yalikuwa mapatano.

Nawapa mapatano hayo jinsi yalivyo, kwa mama yeyote mwenye mtoto, mkwe au mdogo anayefanya kazi ya namna hii.

La kwanza, saa zijulikane. Kazi yake inaanza saa tatu asubuhi na kuisha saa kumi, na katikati kuna saa moja ya kula. Zimeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa mlangoni. Brussels na sisi tuko saa moja wakati wa kiangazi chao. Kuanzia mwisho wa Oktoba wao wanarudi nyuma saa moja, basi na karatasi itabadilika: ataanza saa nne.

La pili, alama ionekane. Kikwembe chekundu kikining’inia mlangoni, hakuna anayepiga hodi ila kwa moto, ugonjwa au kifo. Watoto wadogo wameshika sheria hii kuliko wakubwa. Wa miaka mitano ndiye askari wetu, alimrudisha hata baba wa nyumba.

La tatu, kazi za nyumba zigawanywe upya. Maji ya koko na mlango wa lupango ni vya kijana. Alinung’unika juma moja. Sufuria yangu naangalia mwenyewe kabla ya kutoka, au inapikwa jioni.

La nne ni la binti mwenyewe, maana mapatano ya upande mmoja hayadumu. Yeye pia alikosa: alinyamaza miezi mitano. Alisema aliogopa kuonekana na kiburi katika nyumba iliyompokea wakati wa shida. Nikamwambia mgeni akinyamaza, mwenyeji hajui pa kumsaidia. Sasa akipata kazi ya haraka anatutangazia usiku kabla. Jumamosi ni zamu yake ya kufua na kupika, na kompyuta inabaki imefungwa. Na ameingia katika likelemba yetu kama mwanachama, kwa jina lake mwenyewe.

Kuhusu umeme na mega, hapa ni yale aliyojifunza hapa mjini. Umeme wetu unatoka kwenye maporomoko ya mto Tshopo, unakuja na kuondoka. Kwa hiyo anachaji kila mara umeme ukiwepo, hata kama betri bado ni nusu. Sauti za kazi anazipakua alfajiri, watu wengi wakiwa bado wamelala na mtandao ukiwa mwepesi, halafu mchana anafanya kazi bila intaneti. Mkutano na Brussels anaomba uwe wa sauti tu, maana kuonana kwa picha saa moja kunaweza kula gigabaiti nzima, na sauti peke yake inakula sehemu ndogo sana. Kila jioni ananakili kazi ya siku kwenye kifaa kidogo cha kuhifadhia, ili radi ikiiharibu mashine, kazi ibaki.

Na kwa wamama walioniuliza kama anaweza kuwatafutia mabinti wenu kazi kama hiyo: inahitaji Kifaransa cha kuandika vizuri, vidole vya haraka, na uvumilivu. Hivyo vinajifunzwa. Lakini shikeni neno moja. Mtu akimwambia binti yako kwamba kazi ya intaneti ipo, ila kwanza alipe pesa ya kuandikishwa, huyo ni mwizi. Mwajiri wa kweli anampa mfano mdogo wa kazi ajaribu. Hamwombi pesa ili amwajiri.

Je, mambo yamenyooka? Sitawadanganya. Mvua bado inaanguka juu ya bati. Juzi kulikuwa na matanga nyumba ya tatu kutoka kwetu, na matanga ni matanga, hakuna anayekwenda kuzima spika za mfiwa. Binti alibeba kompyuta yake, akaenda kukaa kwa rafiki mtaa wa pili mpaka jioni. Mimi mwenyewe Jumanne iliyopita nilinyanyua mkono kupiga ule mlango. Nilitaka tu kumuuliza chumvi iko wapi. Nikaona kikwembe chekundu, nikateremsha mkono, nikatafuta chumvi mwenyewe. Ilikuwa mahali pake.

Lakini mwezi huu hajachelewesha kazi hata moja. Mkuu wake alimwandikia tena, mistari miwili tu, kumwambia kwamba ataendelea naye. Alinisomea barua hiyo akiwa amesimama mlangoni, halafu akapiga simu Goma kwa mama yake. Nilimsikia akisema: “Mama, hapa kuna kelele sana. Lakini nyumbani kwa mama mdogo kumetulia.”

Wamama, nawaombeni jambo moja juma hili. Chukueni daftari la bei rahisi, mpeni binti, mkwe au mdogo wenu anayesoma au kufanya kazi nyumbani. Si lazima awe na kompyuta. Anaweza kuwa anashona, anasuka nywele, anajiandaa kwa mtihani wa serikali. Mwambieni aandike siku saba kila anayemsimamisha. Halafu lisomeni peke yenu kwanza, kabla ya kwenda kugombana na mwenye nganda.

Atakayeona jina lake mara nyingi kuliko mimi, aje tukutane mkutano ujao. Nitamwekea kiti karibu nami.